Kanda Niliyoambiwa Nisirudishe Nyuma

Nilikuwa mkwe mwenye adabu kuliko wote kijijini Kinyala. Sijisifu, walisema wenyewe. Wanawake walioolewa baada yangu waliletwa kunitazama, kama watoto wa shule wanavyopelekwa kuona kiwanda cha chai, wajifunze mke wa mtu anavyotakiwa kumheshimu baba mkwe wake. Na mimi nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa naumwa mbele ya macho yao, wao wananipigia vigelegele.

Niwaeleze, maana nyie wa siku hizi mnakaa na baba wakwe meza moja mnachekeana. Kwetu Wanyakyusa tangu zamani, na katika ukoo ule hadi miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mwanamke akiolewa hamtazami baba wa mume wake. Hasemi naye. Hamtaji jina. Akisikia anakuja njiani, anaingia migombani, anageuza uso, anasubiri apite. Kama kuna neno la lazima, linapitia kwa mtu mwingine. Majirani zetu walokole walikuwa wameshaacha mambo hayo, wanasalimiana na wakwe zao kanisani bila wasiwasi, lakini ukoo nilioolewa ulijivunia kuyashika. Mimi nilitoka Isongole, kwenye viazi na baridi. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo na babu hata sikumkuta, kwa hiyo sikuwahi kumwona mama akimkwepa mtu yeyote. Niliogopa kukosea. Ilianza hivyo tu, na woga wa msichana anayetaka kusifiwa.

Mwezi wa tatu wa ndoa natoka kuchota maji, ndoo kichwani, nikakunja kona penye mianzi na baba mkwe huyu hapa, ameinama ananawa miguu. Akainua kichwa. Macho yetu yakakutana kufumba na kufumbua, na yeye ndiye aliyewahi kugeuka, mzee wa watu, akakohoa kwa aibu. Nilirudi mtoni nikanawa uso. Nikaona haitoshi, nikanawa tena. Kesho yake nikanawa mikono kwa sababu nilishika ndoo ileile. Wiki iliyofuata nikaanza kufagia njia, kwa sababu ina nyayo zake, na nikikanyaga alipokanyaga ni sawasawa na kumgusa. Hilo la nyayo hakuna aliyenifundisha. Mila haikusema hivyo. Nilijitungia mwenyewe, kisha nikalitii kuliko nilivyotii kitu chochote maishani mwangu.

Na wao wakaona nini? Mkwe anaamka alfajiri kumfagilia baba mkwe njia! Mama mkwe akawa anawaambia wenzake, "Huyu tumempata wapi? Ndaga fijo, Kyala." Anamshukuru Mungu, asante sana. Nilikuwa naosha vikombe vya nyumba nzima mara saba, kwa hofu kwamba kikombe chake kimechanganyika na vyangu, wakasema usafi. Nilikuwa nazunguka migombani nusu saa kwenda mahali pa hatua ishirini; wakasema heshima. Mikono ikapasuka, nikishika chumvi naona nyota, wakasema mchapakazi. Jamani! Hivi ningekuwa naanguka kifafa mngesema nasujudu?

Sabuni nayo ilikuwapo. Nilipokuwa msichana, miaka ya foleni, mche mmoja wa sabuni tuliugawana nyumba mbili, na ugonjwa wangu ungekufa njaa. Lakini niliolewa milango ya biashara imeshafunguliwa. Mume wangu alikuwa na kibanda sokoni Tukuyu, upande huu mitumba, upande ule sabuni za kila rangi na kila harufu, kutoka nchi ambazo hata yeye hakujua ziko wapi. Ananiletea mkobo mzima. Mke wake si anapenda usafi! Simlaumu sana, alikuwa mtu wa safari, leo Mbeya kesho Tunduma, na kila akirudi anakuta sifa zangu zimemtangulia.

Mwaka wa tatu nikajifungua mtoto wa kike. Babu na mjukuu hawana mwiko, kwa hiyo mzee alimbeba. Alimpenda yule mtoto, nisiseme uongo. Alikuwa anamkalisha mapajani kwenye kibaraza cha nyumba kubwa, anamwimbia nyimbo za kuchungia ng'ombe, halafu mama mkwe ananirudishia. Nami nikirudishiwa, namwosha. Mwili mzima, kichwa, katikati ya vidole. Anabebwa mara nne kwa siku, anaoshwa mara nne. Haya, huo ulikuwa mwezi wa sita, na anayeijua baridi ya Rungwe mwezi wa sita haniulizi maji yalikuwaje. Mtoto wa miezi mitano akapata nimonia.

Hospitalini mjini Tukuyu nilimkuta nesi mmoja mnene, mkali, sauti kama ya mgambo. Alipomaliza kumchoma mtoto sindano akanishika mkono, akaugeuza, akatazama mipasuko.

"Unaosha nini wewe?"

"Vyombo, sista."

"Vyombo gani hivyo, vya jeshi?"

Nikacheka, kisha nikalia, nikashindwa kunyamaza. Ni mtu wa kwanza aliyeitazama mikono ile asiisifie.

Mtoto alipona. Mama mkwe akamchukua akalale naye nyumba kubwa, wakawa wananiletea anyonye kisha wanamwondoa. Alisema kwa upendo, hilo sitamsingizia: "Mwanangu, umechoka. Ukipata nguvu utamchukua." Nguvu ya kutoka wapi? Baada ya hapo hata kufagia niliacha. Nilikuwa nalala nimeutazama ukuta, chakula kinaletwa kinapoa, mvua inanyesha inakatika, mimi na ukuta. Siku hizi wanaita sonona. Wakati ule shangazi wa mume wangu alisema nimerogwa, mume wangu akasema nina damu pungufu. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, mtoto wangu alale kwangu, na kitu hicho kilikuwa hatua arobaini ng'ambo ya uwanja.

Nesi ndiye aliyeleta habari za mshauri mmoja. Alisoma naye uuguzi, yule mwenzake akahamia Dar es Salaam, akasomea ushauri nasaha, na alikuwa na wagonjwa wa namna yangu. Namna yangu! Sikujua kama kuna namna. Kumfikia Dar isingewezekana, na kumwambia mume wangu kwamba nataka kuonana na watu wa akili, thubutu. Kwa hiyo tukaanza kwa barua, na barua zikanishinda. Niliandika moja kwa wiki tatu. Naandika, nasoma, naona neno halikukaa sawa, nachana, naanza upya. Nesi alipoona kikapu cha karatasi akasema, "Ebo! Wewe barua yako haitafika hata Uyole hapo, sembuse Dar." Wakashauriana na mwenzake kwenye simu ya hospitali, wakaja na wazo la kanda.

Redio kaseti ilikuwapo, mume wangu alileta mpya kutoka Tunduma. Nilitakiwa nibonyeze, niseme, nizime. Nesi anampa dereva wa basi, na baada ya wiki mbili tatu jibu linarudi kwa njia hiyohiyo, sauti ya mwanamke wa pwani, taratibu, kama mtu anayekusuka nywele. Na katika kanda yake ya kwanza, kabla sijatuma yangu, alinipa sharti moja. "Usirudishe nyuma kusikiliza ulichosema, dada yangu. Kimesemwa. Kikiwa kibovu, kije kibovu. Hiyo ndiyo dawa yako ya kwanza."

Mnaona ni kitu kidogo. Kidole changu kilikuwa kinakaa juu ya kile kitufe cha kurudisha nyuma. Lakini nilituma ya kwanza bila kurudisha, na ya pili, na ya tatu. Naye akanifundisha. Osha mara moja, kisha kaa. Woga utakuja, usiupe kiti, utasimama weee mpaka miguu iuume, utaondoka wenyewe. Siku ya kwanza nilikaa na kikombe mkononi nimelowa jasho na baridi yote ile. Siku ya kumi woga uliondoka kabla ya ugali kuiva. Nilianza kula. Nilianza kusalimia watu. Mama mkwe akaniletea mtoto Jumamosi akalala kwangu, na Jumamosi iliyofuata tena. Alikuwa na mwaka na miezi, ananishika pua usiku kucha. Mungu wangu, nilikuwa karibu.

Sasa kosa langu nalisema wazi, maana nimechoka kulizungukia. Katika kanda zote tatu sikumtaja baba mkwe. Ningemtajaje? Hata kusema tu "baba mkwe wangu" kwa mtu wa mbali niliona nimemvunjia heshima hadharani. Nilisema "wa nyumba kubwa." Naosha akipita wa nyumba kubwa. Naosha alichoshika wa nyumba kubwa. Naosha mtoto akibebwa na wa nyumba kubwa. Mwanamke yeyote wa Kinyala angeelewa kabla sijamaliza sentensi. Yule wa Dar alisikia mwanamke anayemwogopa mwanamume mmoja nyumbani kwake kiasi cha kutoweza kumtaja. Ungesikia nini wewe?

Kanda yake ya nne ilifika Ijumaa, nikaificha kwenye kikapu cha nguo nisubiri siku ya peke yangu. Jumapili mume wangu alitoka kanisani na ndugu zake, wakakaa uwanjani kunywa chai, mzee yuko kibarazani kwake kama kawaida. Mume wangu aliingia ndani kutafuta shati, akaona kanda, akadhani ni ya muziki. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti ile ninayoijua inatoka kwa nguvu kwenye redio iliyofunguliwa mpaka mwisho.

"Dada yangu, unaendelea vizuri sana, nakupongeza. Leo nataka nikuulize jambo, na ujibu ukiwa tayari. Kuna mwanamume wa nyumba kubwa humtaji. Unaosha alipokugusa wewe na alipomgusa mtoto. Alikufanyia nini? Kama alikuingilia au alikushika kwa nguvu, si kosa lako, na mtoto ni lazima umlinde."

Mume wangu aliizima, lakini kilichosikika kilishasikika. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Ndugu zake wameshika vikombe, hakuna anayekunywa. Mzee alinyanyuka kibarazani taratibu, akamweka mtoto chini, akaingia ndani mwake akafunga mlango. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kikao cha ukoo kilikaa Alhamisi. Wazee kwenye mabenchi, mzee kwenye kigoda chake katikati, mimi nyuma ya mlango nimejifunika kitenge kichwani, mgongo nimewapa, kama mila inavyotaka. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa haki. "Mama, hapa hakuna wa kukutisha. Mzee huyu aliwahi kukukosea? Ndiyo au hapana."

Mbele yake nisingeweza kusema, lakini msikimbilie kuilaumu mila. Mila ilinipa mlango. Shangazi alikaa pembeni yangu, akaleta sikio kabisa mdomoni kwangu: "Ninong'oneze tu, nitasema mimi." Neno moja. Na jibu lilikuwa hapana, mzee yule hakunigusa hata kwa ukucha.

Ila niliogopa kulisema nikiwa sina uhakika. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, mwanaharamu mkubwa, unakunyang'anya kile unachokijua. Nikaanza kurudisha nyuma. Ile siku ya mtoni, je, aligusa ndoo? Siku ya msiba wa jirani, tulipobanana mlangoni, lile koti lilikuwa la nani? Nikisema hapana na kumbe liligusa, nitakuwa nimedanganya mbele ya ukoo mzima, na mtoto atakufa kwa uongo wangu. Nikarudi mwanzo, mwaka wa kwanza, siku moja moja, nikahakikishe. Shangazi anasubiri. Wazee wanasubiri. Sikuwa nimefika hata nusu ya mwaka wa kwanza niliposikia mabenchi yanasogezwa.

Nani anashindwa kusema hapana kwa jambo kama lile? Walielewa walivyoelewa. Mzee alikana, akaapa, lakini ukimya wangu ulikuwa na kelele kuliko kiapo chake. Jumatatu mume wangu alinirudisha Isongole na sanduku langu. Mtoto ni wa ukoo, akabaki. "Ukiwa tayari kusema, utasema," aliniambia, hanitazami.

Mshauri alituma kanda nyingine, ya tano, nesi aliniletea mwenyewe. Analia ndani yake. Anasema hakujua mila zetu, alipaswa kuuliza, anaomba msamaha. Sikumjibu. Nilimchukia miaka mingi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu kuniponya, na kwa sababu lile swali lilikuwa swali zuri. Kuna wanawake wengi liliwafaa. Mimi peke yangu ndiye halikunifaa.

Baada ya miezi kama minne mzee alikuja Isongole. Asubuhi, nipo shambani napalilia viazi, mama yangu yuko mlangoni, kaka zangu wawili wako tuta la pili. Nilimwona kwa mbali amemshika mtoto mkono, ametembea kutoka njia panda. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimesikia kwamba Kinyala hawamwiti tena kusuluhisha kesi, na kwamba wake za wanawe wanaita watoto wao akitokea. Nikajitupa kati ya matuta, nikajifunika.

Akafika ukingoni mwa shamba. Akageuka, akakaa chini akiwa amenipa mgongo, uso kwenye mlima, ndipo akazungumza Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida kama anaongea na mlima.

"Nimegeuka. Sikutazami. Ndugu zako wapo, mama yako yupo, wanasikia. Sema kwamba sikukukosea. Neno moja tu, mwanangu, nirudi nalo nyumbani. Mtoto nimemleta, ukisema, atabaki."

Mwanamume wa umri ule, wa ukoo ule, amekuja mwenyewe kumwomba mkwe wake amsemeshe. Alikuwa ameuvunja mwiko ili mimi nisiuvunje. Mtoto alikuwa anachuma maua ya viazi anayatupa, ananitazama kwa udadisi tu, kama anavyotazamwa mgeni. Mama akapiga kelele kutoka mlangoni, "Sema basi, we mtoto!" Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nihakikishe, nikarudi mtoni, nikarudi msibani, nikarudi kwenye koti. Jua likapanda. Mzee alisubiri mpaka umande ukakauka kwenye majani.

Kisha akanyanyuka kwa shida. "Haya, mwanangu," akasema. Akamshika mtoto mkono wakaondoka, hakugeuka hata mara moja.

Nilipohakikisha wamepotea nilichukua jembe nikalima pale alipopita. Nyayo zake kubwa na zile ndogo pembeni yake, sikuzitenganisha, nilizifukia zote mpaka njiani. Mama yangu alinitazama mpaka nilipomaliza, akaingia ndani.

Yule mzee amekufa muda mrefu sasa, na jambo lile lilikwenda naye. Binti yangu alilelewa na bibi yake, kisha na baba yake mjini Mbeya. Likizo alikuwa anakuja Isongole siku tatu nne, ananisalimia kwa heshima, anakaa pembeni ya kiti. Mimi nilipata vidonge, na sasa nina mshauri mwingine, kijana, ananipigia kila Alhamisi, na swali lake la kwanza kabisa lilikuwa kuhusu mila za kwetu. Wamejifunza. Nanawa mara tatu badala ya thelathini.

Mwaka juzi binti alinipigia, siku isiyo ya kawaida yake. Alikuwa amepata mchumba.

"Mama, nataka kuuliza kitu kimoja kabla sijaolewa. Nimekua nalo. Babu alikufanyia nini?"

"Hapana," nikasema. "Hakunifanyia kitu. Nilikuwa naumwa."

Lilitoka hivyo, jepesi, sikuamini. Nikamsikia anashusha pumzi ndefu. "Asante, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. "Alikuwa ananibeba sana. Nilikuwa nataka tu nimkumbuke vizuri."

Ilitakiwa nizime pale. Bonyeza, sema, zima. Lakini niliona halikukaa sawa, lile neno, kama sauti ilitetemeka kidogo mwishoni.

"Hapana," nikasema tena. "Hapana kabisa."

"Nimekusikia, mama."

"Hapana, sikiliza. Hapana. Hakunigusa. Hata mtoni, hata msibani. Hapana."

"Mama, mbona unaapa hivyo?"

Nikamwambia siapi, nahakikisha tu, na nikalisema tena, safari hii polepole, na tena, maana la polepole lilisikika kama la mtu anayeficha. Alisema kitu nisichokisikia, kisha simu ikakatika. Nilikuwa nimefika hapana la kumi na nne, nikaendelea peke yangu.